Khofu Mbili za Bi Kaltum

Daktari alimwambia Bi Kaltum atembee, naye Bi Kaltum akamjibu kwamba hakufika pale kwa kubingirika. Daktari hakucheka. Sukari ilikuwa imepanda, na magoti yalikuwa yamechoka kubeba mwili ambao, tuseme kweli, ulilelewa kwa sambusa na haluwa. Lakini bibi huyu, mjane mwenye duka la vitambaa katika mtaa wa Asiatique, hakuwa mtu wa kuogopeshwa na koti jeupe.

Aliyemtia wasiwasi ni mwanawe wa pekee, Haitham, mfanyabiashara wa Dubai. Ilikuwa mwaka 2002, vita vya jeshi na waasi wa milimani vinaelekea mwaka wa kumi, na mabomu yalikuwa yakidondoka mjini bila kubisha hodi. Siku moja milio ilisikika karibu, mtaa mzima ukakimbilia msikitini, Bi Kaltum akabaki barazani kwake kwa sababu miguu ilikataa. Habari zilifika Dubai kabla vumbi halijatua.

"Mama, mutu asiyeweza kukimbia hawezi kukaa mu vita," Haitham alimwambia kwenye simu. "Nakupa mpaka Idi. Kama bado hauwezi kutembea, nakuja kukuchukua."

Bi Kaltum hakuitaka Dubai. Duka lile alilifungua na marehemu mumewe, Thabit. Kaburi la Thabit liko hapa. Rafiki yake Spès, mwalimu mstaafu, yuko hapa, kule Kanyosha. Alijua kwamba akipanda ndege ile hatarudi tena, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yote mawili.

Basi akaanza kutembea. Haitham, ambaye hakuwa mtoto mbaya, alimtumia raba mpya kutoka Dubai, soli zake nene kama mkate. Siku ya kwanza tu alikanyaga ukingo wa mtaro bila kujua kama ni ukingo, kifundo kikateguka, akaletwa nyumbani ameshikiliwa huku na huku.

"Hizi viatu zinanificha udongo," alimlalamikia Spès aliyekuja kumjulia hali. "Mi nakanyaga, lakini sijue nakanyaga nini."

"Vua basi, Mama Haitham. Tembea vile tulikuwa tunatembea tukiwa batoto."

Kifundo kilipopona alijaribu uani. Ikamshangaza. Vidole vyake vilivyobanwa miaka mingi vilijitanua, kisigino kikaacha kujitupa chini kwa kishindo, na magoti yakanyamaza. Ila uani si barabarani. Barabarani kuna vipande vya chupa, na mwenye sukari akijikata ni msiba mwingine. Tena majirani wangesema nini, mke wa Thabit anapita pekupeku mchana kweupe? Wangesema duka limefilisika.

Jawabu alilikuta chini ya kasha la nguo, siku aliyokuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Zilikuwa khofu za Thabit. Khofu ni zile soksi za ngozi laini ambazo Mwislamu huzivaa akiwa na udhu, na wakati wa kutawadha tena hupaka maji juu yake badala ya kuvua na kuosha miguu. Thabit alikuwa akizivaa kwenye safari za biashara za Bugarama, ambako baridi ya asubuhi haina huruma. Na walimu wake wa dini walimfundisha kwamba khofu isiyoweza kutembelewa safarini haifai kupakwa maji. Bi Kaltum alilikumbuka sharti hilo, akacheka peke yake. Zikamkaa sawasawa, maana Thabit alikuwa na mguu mdogo na yeye alikuwa na mguu mkubwa, jambo ambalo mashemeji walilitania tangu siku ya harusi.

Akazipeleka Buyenzi kwa Hamissi, fundi viatu, azibandike chini mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli.

"Mama, hii si soli," Hamissi alisema akiipima kwa kidole. "Hii ni ganda ya kitunguu."

"Ndiyo nataka hiyo hiyo."

Kawia ufike, ndivyo alivyokwenda. Wiki za kwanza misuli ya nyuma ya miguu ilimuuma mpaka akawa anapanda kitanda kwa kuguna. Alianza na kuzunguka mtaa, kisha mpaka msikitini, kisha mpaka daraja la Muha. Aliisoma barabara kwa nyayo, mahali penye changarawe, mahali ambapo lami imemeguka. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walimwuliza kama amesahau viatu, naye akawauliza kama wamesahau kusalimia wakubwa. Alikuwa na raha ambayo hakutarajia kuipata akiwa na umri ule, na katika vita.

Sasa, katika nyumba kama hii, inayoipa kila herufi ya Kiarabu haki yake, hata hofu ya moyoni hutamkwa khofu, sawasawa na ile ya miguuni. Muadh, mtoto wa dadake Bi Kaltum aliyekuwa akimsaidia dukani, alipiga simu Dubai kumpa Haitham habari njema. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Kaka, mama mukubwa iko natembea na khofu kila asubui!" alipaza sauti.

"Na nini?"

"Na khofu! Mpaka Muha! Na khofu tu!"

Simu ikakatika. Muadh alirudi kwenye vitambaa vyake akiwa na furaha. Haitham hakusubiri Idi. Alifika baada ya siku chache, amepauka, mkononi ana tiketi mbili za kwenda Dubai, na wala hakutaka kusikia maelezo.

"Sawa," Bi Kaltum alimwambia. "Kesho twende kwa Spès, mpaka Kanyosha, na miguu. Nikishindwa, ntapanda ndege yako bila neno."

Walitoka jua linachomoza. Haitham alikuwa na raba kama zile alizomtumia mama yake, na hakuangalia miguu ya mtu, alikuwa akiangalia milima. Walipita Muha salama. Walipokaribia Kanyosha bunduki zikalia huko juu, mfululizo, na mtoto wa Dubai akajirusha mtaroni na suruali yake safi.

Bi Kaltum alisimama, akasikiliza.

"Ni mbali," alisema. "Toka humo. Twende haraka."

Akaenda. Hazikuwa mbio za kijana, ila ulikuwa mwendo mfupi-mfupi usiokatika, na Haitham aliyekuwa nyuma alijikwaa kila penye shimo. Bi Kaltum ndiye aliyebisha mlango wa Spès, ndiye aliyemvuta mwanawe ndani kwa mkono.

"Mama Haitham," Spès alisema akimtazama yule mtu mwenye matope, "huyu umemuokota wapi?"

Wakamketisha, wakampa chai. Milimani kukatulia.

"Muadh aliniambia unatembea na khofu," Haitham alisema mwishowe. "Ndiyo maana nilikuja mbio."

Wanawake wawili wakatazamana, kisha wakacheka mpaka Spès akashika mbavu. Bi Kaltum akainua mguu, akamwekea mwanawe pajani.

"Si ndiyo hizi! Za babako."

Haitham aliishika ngozi ile, akaitambua. Utotoni alikuwa akizibeba kumpelekea baba yake. Akacheka naye, halafu kicheko kikageuka, akafuta macho kwa mkono wenye matope.

"Na ile ingine, Mama? Ya ku roho? Hauna?"

"Niko nayo, mutoto yangu. Kila siku. Lakini ile siivae ku miguu."

Wiki ile Haitham alirudi Dubai peke yake, malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Tangu hapo hupiga simu kila Ijumaa, baada ya sala, na huanza kwa swali lile lile.

"Mama, leo umetembea na khofu?"

"Mbili," humjibu Bi Kaltum akizivua mlangoni. "Ya tatu uko nayo wewe huko."