Safari ya Sebuleni

Mwambie Mama hawezi, ndipo atakapoweza. Mwanawe mkubwa, fundi wa friji, alipaswa kulijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Kitindamimba wa Mama aliolewa mbali, ng'ambo ya bahari. Sasa ana mimba ya kwanza, daktari kamwamuru asitoke kitandani, na mume yuko kazini kutwa. Hana wa kumpa hata maji. Mama akasema anakwenda. Mwana akatoa simu, akamwonyesha mstari uliopinda kutoka uwanja wa ndege wa hapa hadi wa kule.

"Kilomita elfu tisa, Mama. Saa kumi na moja angani bila kutua. Na goti hilo? Haiwezekani."

"Kilomita ni za rubani," Mama akajibu. "Za kwangu ni saa, nami nitazikaa hapahapa sebuleni. Nikishindwa, sitalitaja tena jambo hili. Nikiweza, unakata tiketi."

Mwana akacheka, akakubali. Alidhani atashinda kabla ya chakula cha mchana, maskini.

Jumapili saa moja asubuhi kiti cha mbao kikasukumwa hadi ukutani, ukuta ukawa dirisha. Kabati la vyombo likasogezwa mbele mpaka likakaribia kugusa magoti. Ubavuni akakaa mkwe wake, mke wa mwana, kama abiria jirani, ambaye aliifanya kazi yake barabara: alisinzia na kukoroma. Kuinuka kuliruhusiwa kwa kwenda msalani tu.

Asubuhi ilipita kwa porojo. Wakala kwenye sinia, viwiko vikigongana. Mchana goti likaanza kuvimba, na simu ya binti ikaita.

"Mama, umefika wapi?"

"Niko juu ya bahari, mwanangu. Rubani hana neno, ila kaka yako anapitapita njiani kama mtu aliyepoteza mzigo."

Binti akacheka. Ilikuwa siku nyingi Mama hajakisikia kicheko hicho, naye akajikaza upya.

Alasiri maumivu yakapanda hadi kiunoni. Mama akauma mdomo, jasho likamtiririka, kisha machozi. Mwana akachuchumaa mbele yake.

"Basi, Mama. Shuka."

"Nishuke wapi? Chini maji matupu."

"Sitanii! Ukizidiwa huko juu, nitakufikiaje? Naogopa, Mama."

Kumbe ndilo lililokuwepo siku zote, goti lilisingiziwa tu. Mama akamwonea huruma mwanawe, lakini hakuinuka.

"Mdogo wako naye anaogopa, tena yuko peke yake. Niletee maji ya moto na kitambaa."

Akaleta. Akamkanda goti, akabaki palepale sakafuni, akiyabadilisha maji kila yalipopoa. Jua lilipozama mkwe akapiga makofi kwamba wametua.

Mama akajaribu kuinuka, goti likagoma. Mwana akanyoosha mkono, Mama akausukuma kando. Akalikemea goti kama mtoto mtukutu, akajaribu tena, akasimama.

Simu ikaita. "Mama, umefika wapi?"

Mama akamkabidhi mwanawe simu, akamkazia macho. Mwana akakohoa, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha maji ya moto.

"Mdogo wangu," akasema, "nani atakuja kumpokea Mama uwanjani?"