Kilomita Mbili Kufika Canberra

Baba alikuwa anakata nyama ya kondoo huku ananichambua mimi. Kwetu Queanbeyan, mpakani na jimbo la Canberra lenye sheria zake, kila Jumapili mchana ni hivyo hivyo: nyama, viazi vya kuoka na ubishi wa unga wa kulevya.

"Wenzetu wa Canberra wamenyoosha mikono," alisema. "Mtu anashikwa na unga anaandikiwa faini, kama aliyeegesha gari vibaya. Hiyo nayo ni sheria?"

"Angalau hawamtupi ndani, Baba."

"Nimevaa sare ya polisi miaka thelathini na moja, Bronwen. Niliowafunga, nilikuja kukutana nao wako hai."

"Wote?"

Alijua namzungumzia nani. Mwaka uliopita alimripoti kituoni mdogo wangu Callum, mwanawe wa kumzaa, akiamini anamwokoa. Callum akapewa kifungo cha nje. Akishikwa tena upande wetu, hata na punje, anaingia jela. Miezi minne sikuzungumza na Baba, na mpaka siku ile nilikuwa na donge naye.

Callum alikuwa amechelewa chakula. Simu yangu ikaita. Alikuwa Kirra, mchumba wake.

"Dada Bron, Callum amezidisha unga! Midomo imekuwa ya bluu. Niko naye kwenye gari, namkimbiza Canberra."

"Ambulensi umeita?"

"Nikishavuka mpaka ndiyo nitaita. Ana kipakiti mfukoni. Aliniapisha, dada, nisiite mtu yeyote upande huu."

Nafanya kazi duka la dawa. Najua mtu asiyepumua ana dakika ngapi.

"Kirra, una wazimu? Simama hapo hapo!"

"Na wakimfunga? Utaenda kukaa naye wewe?"

Baba akaninyang'anya simu. "Kirra, ni Mervyn. Uko wapi?"

"Sikwambii! Si wewe ndiye uliyemchoma?"

"Ndiyo, ni mimi. Nichukie utakavyo, lakini baadaye. Uko wapi?"

Kirra alilia kwa sauti, kisha akasema anakiona kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mpaka.

"Ingia hapo, uzime gari. Kipakiti usikiguse, nakuja kukichukua mwenyewe. Callum hatakutwa nacho, nakuapia."

Sikuamini masikio yangu, ila sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilimpokonya simu nikaita ambulensi, Baba akaendesha akiwa bado na aproni. Tulifika kwa dakika tatu. Taa moja nyekundu aliipita kama haioni.

Callum alikuwa kiti cha nyuma, rangi imemtoka. Tulimlaza chini, nikatoa mkobani dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidisha unga, ambayo natembea nayo tangu alipohukumiwa. Nilimpulizia, nikawa nampa pumzi zangu mdomoni. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hafi mbele yangu. Baba alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mwanawe, akatoa kile kipakiti na kukitia mfukoni mwa shati lake. Nikapuliza mara ya pili. Callum akakohoa.

"Tumevuka?" Ndilo neno lake la kwanza.

"Bado," Baba alisema. "Uko Queanbeyan. Pumua."

Ambulensi ilifika, na nyuma yake gari la polisi. Aliyeshuka alikuwa Tamsin, binti ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kazi.

"Pole sana, Sajenti. Lazima niulize. Ana kitu chochote mfukoni?"

"Hana. Ninacho mimi." Baba akakitoa, akakiweka juu ya boneti.

Tamsin alishusha sauti. "Usinifanyie hivi, mzee wangu. Kiondoe hapo, mimi sijaona kitu."

"Umeona. Nilikufundisha nini? Anayekutwa nacho ndiye mwenye kesi. Andika."

"Lakini kila mtu anajua ni cha nani!"

"Sikukuuliza cha nani. Kimetoka mfukoni mwa nani?"

"Wewe?" nilimpigia kelele. "Wewe uliyekuwa unatetea sheria mezani sasa hivi?"

"Na bado naitetea. Unga ni sumu na uendelee kupigwa marufuku. Lakini mwanangu hatakufa akitafuta mpaka." Akamgeukia Tamsin. "Jina langu unalijua, mama. Andika."

Tamsin aliandika huku anajifuta macho. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma, na Baba akavua aproni, akaikunja, akampa Kirra.

Callum aliyaona hayo akiwa kwenye machela. Alijiinua kwa kiwiko, sauti haitoki vizuri.

"Mwambieni ni cha—"

Niliichukua barakoa ya oksijeni, nikaibana mdomoni mwake kwa mikono yote miwili, na sikuiachia mpaka gari la polisi likaondoka.