Chandarua cha Kitaluni

Nesi Eva aliuliza chandarua alichowapa kliniki kiko wapi, na Gabrieli akaanza kuchunguza vidole vya miguu yake.

Kilikuwa kitaluni, kimefunika miche ya kabichi. Huku juu Uluguru baridi haimpi mbu nafasi, ila kuku wa jirani hawana adabu, na nusu ya kijiji ilifanya hivyohivyo. Lakini sasa mkewe Winfrida, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa anateremka Kisaki, bondeni kwenye mbu, kwa wiki mbili. Binti wa dada yake anatolewa mwali, na mama mdogo asipoonekana ni aibu ya ukoo mzima. Safari hiyo haikuwa ya kuzuiwa na mtu.

Eva alimpa Winfrida vidonge vya kuzuia malaria, akavimeza palepale. Akamwambia asiiache kadi yake na asinywe maji yasiyochemshwa. Zahanati ya kule ilikuwa mbali na kwa dada yake, na dawa mara zipo mara hazipo. Vyandarua navyo vilikuwa vimekwisha stoo pale kliniki.

"Homa ikikushika, usingoje kesho," alisema. "Na usilale nje ya chandarua hata siku moja."

Njiani Gabrieli alijitetea: wiki mbili si nyingi, shuka zito litatosha. Winfrida aliongeza mwendo. Miaka miwili nyuma walishuka Dakawa kuvuna mpunga, wakajifunika shuka hilohilo. Malaria ikampata, na mimba yao ya kwanza ikatoka. Gabrieli alilikumbuka hilo akiwa bado anaongea, akaona aibu.

Walipofika hakuingia hata ndani. Alikitoa chandarua kitaluni, akakifua, akakianika kivulini, kisha akashona matundu yote kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe. Miche akaifunika majani ya mgomba, akijua fika anajidanganya.

Wiki mbili baadaye Winfrida alirudi mzima, uso umenawiri, tumbo limetangulia. Hakuwa ameugua hata mafua. Alipofika kitaluni akasimama. Palibaki vijiti.

"Kuku wamekula vizuri," Gabrieli alisema.

Winfrida alikitoa chandarua begini, akamwambia apande mbegu nyingine azifunike nacho. Gabrieli alikipokea, akaingia nacho ndani, akakifunga juu ya kitanda. Jirani yao Gervas alipokuja alicheka sana, akauliza mbu gani huku mlimani.

"Nataka mtoto akikute kimefungwa," Gabrieli alimjibu.