Kiti cha Ustadh Shauki

Kila asubuhi, akishakula ful, maharage ya kuponda, kwa mkate na kitunguu, Inshirah alishuka hadi kichumba alichopanga kwenye nyumba ya Haji Bayumi mjini Tanta, Misri, akasema bismillahi, akawasha kompyuta. Biashara ilikuwa yake peke yake: matangazo ya wenye maduka. Yeye aliongea, akili mnemba ikaandika. Nyingine ilichora, nyingine ikapokea simu. Mjane aliyeishia darasa la sita hakuhitaji karani, na kwa hilo alimshukuru Mungu kila baada ya swala.

Tatizo lilikuwa simu. Wateja wakisikia sauti ya kike walisema, "Nipe bwana mwenye ofisi, mama." Basi akaichagulia mashine sauti nzito ya kiume, akaipa jina Shauki. "Sawa, bwana mkubwa," wakawa wanasema, wala hawabishani.

Kila alipoitwa bwana mkubwa, Shauki alipata kiungo. Yalianza mabega, juu ya kiti, ndani ya koti la kijivu. Muuza viatu alipopiga, yakaja masharubu. Mwenye duka la dawa alileta miguu yote miwili, maana alikuwa mtu wa heshima nyingi. Inshirah akasogeza meza kumpa nafasi. Na kwa kuwa hakuwa maharimu wake, mlango akauacha wazi kutwa.

Jirani yake Nagafa alichungulia. "Shoga, umeajiri?"

"Kaota tu."

"Basi otesha na mwingine, anibebee mtungi wangu wa gesi."

Wiki hiyo Haji Bayumi akaja, akasimama mlangoni, akamwita Inshirah kwa jina la mwanawe. "Mama Wagdi, Alhamisi muda wako unakwisha. Chumba nampa mpwa wangu."

"Haji, kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, binti yangu. Lakini mwanamke peke yake? Fatiha ya kufunga makubaliano nitaisoma na nani humu?"

Inshirah aliziona akilini ngazi za watu alizokuwa akizisugua kabla ya kupata kazi hii. Magoti yakamuuma palepale.

"Yupo Ustadh Shauki," akasema.

Shauki akainuka. Kwa kutazama alikuwa amekamilika, isipokuwa mkono wa kulia: upande huo koti lilining'inia tupu. Haji akatazama pembeni kwa adabu. "Kumbe! Samahani, bwana mkubwa, sikujua upo."

Mkono ukatokea, kucha safi. Wakashikana, wakaisoma Fatiha. Inshirah naye aliisoma, huko kando, na amina yake ilitangulia zao. Chumba kikawa cha Shauki mwaka mzima.

Haji alipoondoka, Inshirah alisujudu kushukuru. Kisha akakaa kutunga tangazo la mwoka mikate, kwa sababu Shauki hakujua kazi. Alijua kuketi na kuitikia tu.

Jioni Haji alimtumia Ustadh sahani ya keki ya basbusa yenye lozi juu. Shauki hakuwa na tumbo, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kuliheshimu. Inshirah aliila yote, polepole, akimhimidi Mola kwa kila kipande. Akaiosha sahani, akairudisha.

"Ustadh anasema Mungu akuzidishie, Haji."

Haji alifurahi mno. "Unaona adabu hiyo, Mama Wagdi? Ndiyo faida ya ofisi kuwa na mwanamume."

"Alhamdulillahi," akasema Inshirah, na alimaanisha.