Mvuke wa Mjomba Alfredo

Daktari Raheli aliinua picha ya kifua cha Alfredo kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa mara ya pili, "Mzee huyu anavuta?"

"Aliacha," akajibu Lucinda, mke wa mgonjwa. "Tangu msimu wa korosho uliopita hajagusa sigara. Kanisa zima linajua."

Arsenio alisimama miguuni pa kitanda. Alfredo alikuwa kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea na kumpeleka jandoni, na kwao Wamakonde mjomba si mtu wa kubishana naye mbele ya watu. Sasa mtu huyo aliyekuwa akibeba magunia ya korosho mawili mawili alilala na mpira wa oksijeni puani, mbavu zikipanda na kushuka kama za mbuzi aliyekimbizwa.

"Kohozi halina kifua kikuu," daktari akasema. "Dawa za nimonia hazimsaidii. Kuna kitu kinaingia kifuani humu, nami sikijui."

"Muulize filimbi yake!" Ilikuwa sauti ya Filipo, mgonjwa wa kitanda cha pili, mtani wa Alfredo tangu alipolazwa. "Jana kutwa anamsumbua mkewe, nipe filimbi, nipe filimbi. Mmakonde mzima ananyonya kama mtoto!"

"Nyamaza wewe, maiti mtarajiwa," Alfredo akamjibu, na wodi ikacheka. Kisha akamgeukia daktari, macho yakamng'aa. "Hiyo siyo sigara, mama. Ni ya umeme, inatoa mvuke tu. Sikiliza:

Si moshi, huu mvuke, wa embe na wa nanasi,
Kikohozi kisifike, vuta bila—"

Kikohozi kikamkata. Kikamkunja, kikamtikisa hadi muuguzi Irene akaja kumshika mabega. Lucinda akamfuta mdomo kwa kanga.

"Nani kamtungia mzee upuuzi huu?" daktari akauliza.

Alfredo hakuwa na pumzi ya kusema. Alinyoosha kidole, akatabasamu kwa fahari. Mpwa wake, huyo hapo.

Pale Magomeni, Arsenio alipoghani beti hizo kunadi filimbi kwenye spika ya kibanda chake cha vifaa vya simu, watu walisimama. Madereva wa bodaboda walizikariri. Hakufundishwa na mtu. Mizani alijifunza kwa kugonga meza kwa vidole, na aliyethubutu kumwambia kina kimepwaya alimtolea macho. Leo masikio yalimwaka moto. Kila aliyekuwa wodini alimtazama, naye akatamani beti zile ziwe za mtu mwingine yeyote.

"Kwenye chupa ya maji ya filimbi hiyo kuna nikotini?" daktari akamuuliza.

"Imeandikwa Kichina, na picha ya embe. Mimi huinadi kwa spika tu."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, daktari. Hata wakaguzi walipopita kupima mizani za sokoni, waliishika wakauliza kama ni marashi."

"Pakiti ya sigara ina onyo. Hii ina picha ya embe, halafu ina wewe na spika." Hakupandisha sauti. "Pengine mzee hakuacha kitu. Amebadilisha chombo tu. Na chupa uliyompa, ni kama ilivyotoka kiwandani? Hukuongeza chochote?"

Arsenio aliutazama mkoba wa Lucinda.

Mzigo ulikuwa umechelewa, chupa zikapungua, na mjomba alilalamika kwamba maji yale yanamkwaruza koo. Arsenio akakumbuka jinsi akina mama wa kwao wanavyowakanda kifuani watoto wenye mafua kwa mafuta ya nazi. Kinachotuliza kwa nje, akajiambia, kitatuliza na kwa ndani. Akazichanganyia mafuta hayo chupa zote zilizobaki, akazitikisa, akazifunga. Mjomba alipoivuta ya kwake alicheka: "Leo umenipikia wali wa nazi!"

Alfredo alimwona mpwa wake anavyohangaika. Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Hakuongeza kitu," akasema. "Daktari, hii ni salfa, dawa ya mikorosho. Nilipuliza mikorosho yangu Mpapura bila kufunga kitambaa puani. Mimi mwenyewe mzembe. Andika salfa."

Daktari akaitikia kwa kichwa polepole. Wakulima aliowaona wenye vifua vya salfa walikuwa wengi, jambo hilo lilieleweka. Akachukua kalamu.

Mjomba alikuwa anamkinga, kama alivyomkinga tangu utotoni kila alipoharibu. Arsenio akinyamaza, heshima yake itabaki, na mjomba atatibiwa ugonjwa usio wake, kisha atarudi nyumbani, filimbi ikimsubiri ndani ya mkoba wa Lucinda. Akisema, atakuwa amemwita mjomba wake mwongo mbele ya wodi nzima.

"Siyo salfa," Arsenio akasema.

"Mpwa!"

"Mjomba hasemi kweli, daktari. Mimi nilitia mafuta ya nazi kwenye chupa zote zilizobaki kibandani. Amekuwa akiyavuta kila siku."

Filipo, aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni, aliumeza. Alfredo akamgeukia Arsenio.

"Mimi umenifanya mwongo? Mbele ya mtani?"

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Mzee akageuzia uso ukutani. Daktari alikwisha kukaa kitandani, anaitazama tena ile picha kwa macho mengine. Mafuta hayatoki kwenye mapafu kwa dawa za nimonia, akamweleza Lucinda. Kwanza kifaa kile kisimguse tena, halafu atabadilisha matibabu na kumpigia simu bingwa wa vifua. Hakuahidi kwamba atapona. Kisha akamgeukia Arsenio.

"Umesema ulichanganya chupa zote. Nyingine ziko wapi?"

"Niliziuza."

"Kwa nani? Nataka waitwe leo."

Arsenio akahesabu kwa vidole. "Mwalimu Josephu wa Shangani. Isaya wa bandarini, na mwenzake Erasto." Akabaki ameshika kidole cha nne.

"Endelea."

Alimtazama Lucinda, aliyekuwa bado ameushika mkono wa mumewe. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amemwapisha asije akawaambia wazazi.

"Na Marlene wenu, mama," akasema. "Yeye alichukua mbili."

Lucinda aliuachia mkono wa mumewe, akaanza kutafuta simu kwenye mkoba. Hakuiona. Arsenio akaipiga ya kwake, akaiweka sikioni, akasubiri Marlene apokee.