Mama Mkwe Avuka kwa Miguu

Gari lilizima katikati ya foleni ya mpaka. Seremala alipoona mvuke ukifuka chini ya boneti, alijua safari imeingia nyongo. Kando yake alikaa mama mkwe wake, aliyekuwa akienda kumwona dada yake mgonjwa ng'ambo ya mpaka. Asubuhi walikuwa wamepigiwa simu: mgonjwa hali kitu na hatambui watu.

Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Nyuma honi zikaanza, moja, kisha zote.

"Bosi, toa jeneza lako njiani!" dereva wa lori alipiga kelele, halafu akashuka mwenyewe, tumbo likimtangulia, akasaidia kulisukuma hadi kando, penye wauza maji. "Mpira utaupata," akasema, "ila ukirudi unaanza mkiani."

Seremala akainama dirishani. "Mama, nisamehe. Subiri kidogo, nitalitengeneza."

"Wewe ndiye uliyelipasua?"

"Hapana, mama."

"Basi msamaha wa nini? Nipe mfuko wangu."

"Mama, jua kali, na fujo yote ile ya watu..."

"Kilichoharibika ni gari, baba. Miguu ninayo."

Angemfuata, lakini kuliacha gari pale kulikuwa kumwachia fisi bucha. Alimtazama akigongewa muhuri, akijifunga mtandio upya, kisha akamezwa na watu. Tangu amwoe binti yake, hakuwahi kumwona akienda haraka vile.

Fundi alikuja akafunga mpira mpya. Foleni ilisogea kwa kusuasua. Seremala alipiga simu mara kadhaa, haikupokelewa. Mwishowe akaacha kupiga, akihofia kupokelewa.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwa yule dada. Kabla hajazima injini alisikia sauti ya mwanamke ikipanda ndani ya nyumba, kisha nyingine juu yake. Akabaki ameshika usukani, akitafuta maneno ya pole.

Binti wa mgonjwa akatoka na beseni, anacheka.

"Shikamoo. Ingia ukawaamue."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama alimwona tu mdogo wake, akamtambua. Tangu hapo wanagombania nani alivunja sahani ya bibi."

Ndani, mgonjwa aliegemezwa mito, amekonda kama ng'onda, kidole kimesimama. Mama mkwe alikuwa hajavua hata viatu, vimejaa vumbi.

"Huyu ndiye mkweo?" mgonjwa akauliza.

"Ndiye. Amechelewa."

"Kijana, sema haki. Mtoto mdogo akipanda kiti, hawezi kuifikia sahani iliyo juu ya kabati?"

Seremala alimtazama mama mkwe wake, akaona amekaza macho ukutani.

"Mimi sikuwepo, mama."

"Mwoga," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Kesho yake alirudi peke yake. Yule dada aliishi hadi mvua zilipoanza, na mama mkwe alikaa naye muda wote huo. Kuhusu sahani, hakuna aliyekubali.