Vidonge Sita vya Kurudisha

Siku ya kliniki, fundi cherehani hakushona. Alioga mapema, akavaa gauni lake la kutokea, akapaka na wanja kabisa, utadhani anakwenda kuposwa. Jirani mwenye macho ya kuchungulia angeapa kwamba mama huyu ana bwana wa pembeni. Kumbe mwenzenu alikuwa anakwenda kuulizwa maswali. Saa nzima ya kuulizwa maswali na mtu anayemtazama usoni, anayemsubiri amalize kusema, kisha anaandika. Nyumbani kwake siku hizi hakukuwa na wa kumwuliza hata chumvi iko wapi.

Zamani haikuwa hivyo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa vicheko, mjini wakimwita Breki kwa sababu mdomo wake ulikuwa hauna. Akirudi safari, nyumba inafurika: madereva wenzake, mawifi, watoto wa jirani wamejipanga mbele ya televisheni, wengine wamekalia vitambaa vya wateja. Fundi alikuwa akilalamika mchana kutwa. "Nyumba hii ni stendi?" Alidhani watu wale ni wa kwao wawili. Breki alipoondoka ndipo alipojua kwamba walikuwa wageni wa kile kicheko. Kilipohama, nao wakahama nacho.

Aliondoka asubuhi moja, miezi sita nyuma, na begi moja. Hakupiga kelele. "Nahitaji kupumua," alisema, kama vile mkewe ndiye aliyekuwa amekalia hewa. Alichukua viatu, mashati, hata kioo cha kunyolea ndevu. Juu ya kabati akaacha makopo matatu ya dawa, waliyopewa siku iliyotangulia.

Makopo hayo ndiyo yaliyompa fundi matumaini. Mtu anaweza kuacha mke, alijiambia, lakini dawa ya kila siku haiachi. Atairudia.

Breki alikuwa na virusi vya UKIMWI, fundi hakuwa navyo. Kwa miaka minne walikuwa kwenye utafiti wa wanandoa wa namna yao, wataalamu wakifuatilia kama mwenye virusi akimeza dawa barabara mwenzake anabaki salama. Humo hawakuandikwa majina. Walikuwa jozi ya kumi na saba, Breki akiwa A na fundi akiwa B. Kila baada ya wiki kumi na mbili walipewa vidonge tisini vya Breki. Siku themanini na nne, kidonge kimoja kwa siku, vinabaki sita. Hivyo sita vinarudishwa kliniki, vinahesabiwa mbele ya macho yako. Na utafiti ulitaka jozi. B bila A angefutwa.

Basi fundi akafanya alivyoona inafaa. Kila siku saa moja asubuhi simu yake ililia, akafungua kopo, akatoa kidonge cha mumewe, akakidondosha kwenye bati lake la vifungo. Tik. Halafu akakaa kwenye cherehani. Miezi mitatu iliyopita alirudisha vidonge sita, akasema mzee yuko safari, akapewa tisini vingine. Mambo yakapita. Lakini leo ilikuwa zamu ya Breki kutolewa damu, na damu huwezi kumtolea mtu.

Getini karani wa mapokezi alimpokea kwa kicheko. "Kumi na saba! Na hilo wanja, leo tunahamia kwako. Mzee yuko wapi?"

"Barabarani."

"Huyo ataoa lori. Pita, muuguzi anakusubiri."

Muuguzi wa utafiti alikuwa mama mnene wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kila mtu kwake alikuwa mwenzangu. Chumba chake kilikuwa na meza, mizani, viti viwili na pazia alilolishona fundi mwenyewe mwaka wa kwanza, kwa hiari yake. Kila akiingia alilitazama pindo kwanza.

"Haya mwenzangu, tuanze na yale yale. Nyumbani mnaishi wangapi?"

"Wawili."

"Siku thelathini zilizopita, mmekutana kimwili mara ngapi?"

Fundi alikuwa ameshaandaa jibu njiani. "Mara nane."

Muuguzi akashusha kalamu. "Nane! Na yuko barabarani? Huyo anaegesha lori dirishani?" Wakacheka wote wawili, fundi akacheka mpaka wanja likaanza kumchuruzika, akalifuta haraka kwa kiganja.

Kisha likaja kopo. Muuguzi akamimina vidonge kwenye sahani ya plastiki, akavisogeza kimoja kimoja kwa kijiti. Sita. Akavirudisha, akavihesabu tena. Sita. Akafunua faili nyuma, ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Nikupe umbea wa nyumbani kwangu," alisema hatimaye. "Binti yangu ana miaka tisa. Hatulii. Darasani anazunguka kama pia, mwalimu akisema hili yeye yuko kwenye lile. Daktari akatuandikia vidonge vya kumsaidia kutulia. Miezi miwili nahesabu kopo, sawasawa, hesabu haijapungua wala kuzidi hata kidonge kimoja. Nikajisifu kazini hapa, mwanangu ana nidhamu. Siku moja nafua mwanasesere wake, namkamua, tumbo linachakacha. Vyote vimo humo."

Fundi akauvuta mkoba karibu.

"Mtu anayemeza dawa kweli husahau, mwenzangu. Kimoja kinaanguka kwenye sinki, kingine anatapika, siku nyingine amelala kwa shemeji yake. Breki wako miaka yote hii amerudisha tisa, kumi, mara moja kumi na mbili, na nikamfokea. Sasa sita. Na mara ya mwisho sita. Na leo ni zamu yake ya damu, hayupo." Alivua miwani. "Sikuulizi kwa ajili ya karatasi. Kama hamezi, miezi sita ni mingi. Virusi vinaamka. Anaweza kuugua huko aliko, na wewe hapa ukaniambia yuko barabarani."

Katika asubuhi zote zile fundi alikuwa amehesabu siku za Breki kurudi. Siku za Breki kukaa bila dawa hakuwa amezihesabu hata moja. Kila wazo hilo lilipokuja alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Akafungua mkoba, akatoa bati la vifungo. Alikuwa akilibeba tangu wiki iliyopita, mwenyewe hajui kwa nini.

Pamoja walitenga vidonge na vifungo, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Mia moja sitini na nane. Muuguzi akaandika namba hiyo, akasema, "Nikimpigia mimi?"

"Nitampigia mwenyewe."

Hakuwa amempigia kwa miezi mitano. Simu ilipokelewa haraka, nyuma kulikuwa na kelele za watu, mtu anacheka, watoto wanagombania kitu. Nyumba imejaa.

"Umeacha dawa zako," fundi alisema. Hata salamu aliisahau.

"Ah, zile? Huku nilijiandikisha wiki ile ile niliyofika. Hospitali iko karibu tu. Nanywa, usiwe na wasiwasi."

"Unanywa kila siku?"

"Kila siku."

"Wewe? Nani anakukumbusha?"

Kelele zikafifia, bila shaka alikuwa amezuia simu kwa mkono au ametoka nje. "Kuna mtu," Breki alisema.

Fundi alilitazama pindo la pazia. Uzi ulikuwa umeanza kuachia upande mmoja. "Basi mwambie usimeze tumbo likiwa tupu. Unatapika, halafu unasema umemeza."

"Nitamwambia."

Simu ikakatika. Muuguzi hakuuliza, alikuwa amesikia. Alitoa karatasi nyingine, ya mtu anayetoka kwenye utafiti. "Kwa ajili yako mwenyewe, upimwe leo, na tena baadaye. Utapanga foleni kule jengo kubwa kama watu wengine. Mimi huku nabaki na jozi tu, mwenzangu. Sikupanga mimi."

"Najua."

"Swali moja la mwisho, lazima nilijaze upya." Alisita. "Nyumbani mnaishi wangapi?"

Fundi alikunja vidole, akavikunjua, kana kwamba hesabu ilikuwa ndefu. "Mmoja."

Muuguzi aliandika. Fundi akaomba sindano na uzi, lakini chumba kilikuwa na sindano za damu tu, na pindo likabaki vile vile.

Alipotoka, bati lilikuwa na vifungo peke yake, vikigongana mkobani kila hatua. Karani, ambaye hakuwa ameambiwa lolote bado, aliinua mkono toka dirishani.

"Kumi na saba! Msalimie mzee!"

"Zitafika," fundi alisema, akatoka getini.